Kuliongoza darasa siku za Kwaresima hapa Unguja

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Ribe, nyuma ya Mombasa, kijiji ambacho mmisionari Thomas Wakefield alianzisha kazi ya Kimethodisti mwaka 1862, na nimelelewa katika kanisa hilo tangu sijajua kusoma. Niliolewa nikaletwa Unguja, na hapa Fuoni ndipo nilipokabidhiwa darasa, yaani kundi dogo la waumini wa kuwatunza, miaka kumi na moja sasa. Jengo hatuna. Tunasali kwenye ukumbi wa nyumba ya kupanga, mchungaji huvuka kutoka Bara mara moja kwa mwezi, na Jumapili zilizobaki tunahudumiana wenyewe kwa wenyewe.

Nawaandikia nyinyi mnaokabidhiwa darasa kwa mara ya kwanza. Kila Januari hubishiwa hodi na mtu mwenye swali lile lile: "Mama, Kwaresima niwafanyie nini watu wangu?" Wengi huwa wameshika ratiba tayari: semina Jumatatu, kwaya Jumatano, mkesha Ijumaa. Nawaomba ratiba waiweke kwanza, waniletee daftari la darasa.

Sababu ninayo. Mwaka mmoja niliandaa Kwaresima iliyojaa kama daladala la jioni, mikutano mitatu kila wiki, na watu walikuja. Jumapili ya Matawi ndipo nilipoulizia habari za mama mmoja wa darasa langu, muuza maandazi. Alikuwa hajaonekana wiki tatu, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshakwenda kumtazama. Nilimkuta chumbani kwake mguu umevimba, hawezi kuukanyagia. Jirani zake, Waislamu, ndio waliokuwa wakimchotea maji na kumpelekea uji. Kikombe chao kilikuwa kando ya kitanda, na mimi mkononi nina karatasi ya ratiba ya Wiki Takatifu. Tangu siku hiyo Kwaresima yangu inaanzia majumbani.

Daftari

Darasa lenyewe lilizaliwa kwa sababu ya deni. Mwaka 1742 Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, walikuwa wakidaiwa fedha za nyumba yao ya kusalia. Mmoja wao akatoa rai kwamba kila mtu atoe peni moja kwa wiki, watu wagawanywe kumi na wawili kumi na wawili, na kila kundi liwe na mmoja wa kuzikusanya. Akaulizwa, na wale masikini wasio na hiyo peni? Akajibu kwamba wapewe yeye kumi na mmoja walio masikini kuliko wote, atawapitia kila wiki, na asiyekuwa nayo atamlipia. Wakusanyaji walipoanza kupita nyumba hadi nyumba wakaona mambo yasiyoonekana kanisani: nani anagombana na mkewe, nani amerudi kwenye pombe, nani hana kitu jikoni. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alipoletewa habari hizo akaona kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote. Deni likalipwa, kupita majumbani kukabaki.

Basi nunua daftari dogo linaloingia mkobani. Andika jina la kila mtu, alama ya nyumba yake (huku kwetu "nyuma ya duka la rangi, mlango wa buluu" inasaidia kuliko namba), simu ya jirani mmoja, saa anazorudi kazini, na tarehe uliyofika kwake mara ya mwisho. Hiyo tarehe ndiyo moyo wa daftari. Usiandike ndani yake ugonjwa wa mtu wala siri aliyokupa. Daftari husahaulika garini, na kisiwa hiki ni kidogo.

Anza kupita wiki mbili kabla ya Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, umalize kabla ya Jumapili ya pili ya Kwaresima. Nyumba mbili kwa jioni zinatosha. Piga hodi mara tatu. Usipojibiwa, ondoka urudi siku nyingine. Watu wetu wengi wamepanga chumba katika nyumba ya pamoja, choo kimoja, jiko la uani, na wapangaji wenzao ni Waislamu. Unapoingia uani unaingia nyumbani kwa wote, kwa hiyo waamkie wote, mkubwa kwa shikamoo yake, kabla hujauliza mtu wako yuko chumba gani. Mimi huvaa mtandio. Sikuagizwa na mtu. Naona ni heshima tu ya uani kwa watu.

Sasa kuhusu maneno ya kuulizana. Wamethodisti wa zamani walikuwa na swali lao katika darasa, la kuulizana roho ya mtu iko katika hali gani. Kwa Kiswahili ukiliuliza hivyo hivyo hupati kitu. Sisi tumelelewa kujibu njema. Hujambo, sijambo, habari za watoto, njema, za kazi, salama, na roho je? Nzuri, namshukuru Mungu. Hata aliyefiwa hutanguliza njema, halafu ndiyo aseme "lakini". Kazi yako ni kukaa mpaka hiyo lakini ifike. Kaa kitako mkekani, usishike mkoba kama unayetaka kuondoka, pokea chai ukipewa. Halafu uliza jambo dogo lenye mwili: "Usiku unalala vizuri?" "Mara ya mwisho kusali peke yako ilikuwa lini?" "Kuna mtu hupendi kukutana naye njiani?" Swali hili la mwisho limenifungulia milango mingi kuliko hotuba zangu zote. Bwana mmoja alikaa kimya kitambo kirefu, akaniambia ana mwaka mzima anapita njia ya mbali kwenda kazini ili asipite mlangoni kwa shemeji yake. Tulisali hapo hapo. Kabla ya Pasaka alikwishapita mlango ule, kwanza kwa salamu tu, baadaye akakaribishwa ndani.

Usiende mikono mitupu kwenye nyumba yenye dhiki, wala usiende umebeba kitu cha kuonekana. Kilo ya mchele ndani ya mkoba wa nguo inapita uani bila mtu kujua.

Kalenda mbili

Kwaresima ya hapa haipangwi kwa kalenda ya kanisa peke yake. Januari chukua kalenda mbili uziweke sambamba, ya Pasaka na ya Ramadhani.

Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo inafuata jua na mwezi pamoja na haitoki nje ya Machi na Aprili. Ramadhani inafuata mwezi peke yake, na kila mwaka hurudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja. Ndiyo maana hukutana kwa miaka michache kisha hupishana. Mwaka 2024 Pasaka yetu, tarehe 31 Machi, ilituangukia katikati ya Ramadhani. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi na jirani zetu walikwishaanza kufunga siku chache kabla. Mwaka 2026 tulianza wiki moja, Majivu yakiwa 18 Februari. Mwaka 2027 Majivu ni 10 Februari na mwezi wa Ramadhani unatarajiwa siku hizo hizo. Mwaka 2028 Majivu yatakuwa 1 Machi, na jirani zetu watakuwa wamekwishakula Idi.

Inabadilisha nini? Kwanza saa za ibada. Ramadhani usipange mkutano wa saa 12 jioni. Magari hayapo, dereva na utingo wamekwenda kufuturu kama watu wote, na mama zako watasimama kituoni hadi giza liingie. Sisi hukutana saa 11 alfajiri kabla ya kazi, au saa 2 na nusu usiku, na ukichagua usiku hakikisha kila mwanamke ana mtu wa kurudi naye. Usimtembelee mtu saa 11 jioni vilevile. Uani wanawake wote wako kwenye mafiga na wewe unakuwa kizuizi.

Pili, kula mchana. Migahawa mingi hufungwa, na haifai mtu wetu kuonekana barabarani na chupa ya soda au mtoto na andazi. Waambie wazazi mapema. Mtoto ale ndani, anawe mdomo, ndiyo atoke akacheze na wenzake ambao pengine ndiyo wanajifunza kufunga nusu siku. Pasaka ile ya 2024 tulipika pilau ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa kwa ajili ya harufu, tukala baada ya magharibi, na masinia mawili ya kwanza yakaenda kwa jirani. Kuna waliolalamika kwamba sikukuu yetu imefichwa. Mimi naamini tuliisherehekea vizuri kuliko miaka mingine, maana kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilikula kitu kimoja usiku mmoja.

Majivu

Majivu tunayopakwa kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu hutoka kwenye matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Sisi matawi yetu ni makuti, na huyahifadhi mwaka mzima nyuma ya mlango wa stoo. Siku tatu kabla, yakatekate vipande vya urefu wa kidole, shindilia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, funika, toboa kifuniko tundu moja la msumari, na uweke kopo juu ya mkaa. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikoma, epua, na usifungue mpaka lipoe. Utakuta mkaa mweusi laini. Utwange, uuchekeche kwa kitambaa chepesi. Kwa watu thelathini kijiko kimoja cha chakula kinabaki.

Changanya na mafuta ya nazi, matone machache, hadi ishike kidoleni. Maji usitie kabisa. Mwaka mmoja tulichoma makuti wazi, moto ukayala mpaka yakawa jivu jeupe, na tulipokosa mafuta tukatia maji. Maji ya majivu ni makali kama magadi. Watoto wawili walitoka na wekundu kwenye paji la uso, na mama yao hakunisemesha mpaka Jumapili ya pili. Alikuwa na haki yake.

Wako wazee wetu wasiopenda kupakwa majivu, wanasema hayo ni ya Wakatoliki. Usibishane nao na usiwapite kwa jicho baya. Waalike waje wasali na kukaa kimya na wenzao. Na utaulizwa swali la pili: nikitoka nje niyafute? Bwana Yesu alituambia tunapofunga tunawe uso tusionekane na watu. Mwingine hunawa mlangoni, mwingine huyaacha. Mimi huyaacha, na jirani akiuliza nina nini usoni namwambia: leo tumeanza mfungo, hii ni alama ya kujikumbusha kwamba mimi ni udongo. Hajapata kutokea mtu akaniona ajabu. Mmoja alinijibu, "Basi na wewe umefunga, Mungu akutakabalie."

Kufunga kwenyewe

Toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili sita, maana Jumapili si siku ya kufunga, zinabaki 40. Wesley alipokuwa kijana alifunga Jumatano na Ijumaa, na baadaye akashika Ijumaa: analala na chakula cha Alhamisi jioni, hali tena hadi alasiri ya Ijumaa. Mfungo huo ndio tunaoufuata darasani kwetu. Tunakunywa maji. Saa 9 alasiri tunakula kitu chepesi, mbatata za kuchemsha au uji.

Usimfungishe mjamzito, anayenyonyesha, mwenye sukari, wala anayemeza dawa zinazotaka chakula tumboni. Fikiria pia kazi ya mtu. Februari bado ni kaskazi, jua ni kali, na mwashi aliye juu ya dari tangu asubuhi hafai kutoka jasho tumbo tupu. Watu hao wape mfungo mwingine. Darasani kwangu kuna mpagazi wa bandarini ambaye Ijumaa hufunga simu: anaizima tangu asubuhi hadi alasiri, na saa hiyo ya mapumziko anayoipata hukaa na Injili ya Marko. Anasema njaa ingemwia rahisi zaidi.

Jambo moja nakusihi. Usikubali mtu wako kulinganisha mfungo wake na wa jirani, wala kwa kujisifu wala kwa kujidharau. Kuna wanaosema, sisi tunakunywa maji basi mfungo wetu mchezo. Kuna wanaosema, wenzetu wanakula usiku. Maneno yote mawili yanaharibu uani. Kila mmoja anafunga mbele ya Mungu wake.

Fedha ya chakula ambacho hukula huwekwa kando. Kama sahani ya mchana ingekugharimu shilingi 3,000, hizo 3,000 zinaingia kwenye kopo siku hiyo hiyo, kabla hazijapata kazi nyingine. Kopo lizibwe kwa gundi, lifunguliwe mbele ya watu wawili, wote watie saini daftarini. Na muamue zinakwenda wapi kabla ya kuanza. Tulipokuwa tukingoja hadi Pasaka ndiyo tuamue, tuligombana kila mwaka. Mwaka uliopita tuliamua Januari: sare na viatu vya skuli kwa watoto wawili, na nauli ya mzee mmoja kwenda kliniki ya macho. Watu walitoa kwa wepesi kwa kuwa walikuwa wakiziona sura za watoto hao.

Sahani

Ramadhani ikikutana na Kwaresima, jirani atakuletea futari. Muhogo wa nazi, kaimati, pengine bakuli la uji wa ngano, chini ya kawa iliyosukwa vizuri. Kama ni Ijumaa na saa 9 imepita, kula kwa furaha. Kama umejiwekea kutokula vitamu Kwaresima nzima na zimekuja kaimati, mimi nasema kula mbili, ushukuru. Mkono wa jirani ni mkubwa kuliko nadhiri yako ya sukari.

Sahani hairudi tupu. Hilo kila mtu wa hapa analijua, lakini vijana wetu waliotoka Bara hawajui, wafundishe. Rudisha na kitu cha kwako: maembe, mkate wa kumimina, maandazi ya iliki. Nyama usipeleke, hata kama ni ya kuku na umemnunua kwa mchinjaji Mwislamu, ili usimtie jirani katika wasiwasi wa kuuliza. Ndani ya sahani usitie kijikaratasi cha mahubiri. Nimewahi kumkataza ndugu mmoja mwenye bidii nyingi, naye akaniona nina woga. Nilimwambia chakula ni chakula. Jirani akitaka kujua imani yako atakuuliza barazani, na wakati huo mweleze yote bila kuficha neno.

Mkunazini

Jumamosi moja kabla ya Wiki Takatifu tunawapeleka vijana Mjini, Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana ambalo bado limesimama hapo. Uliza mapema kuhusu kiingilio na saa za ibada zao.

Sisi Wamethodisti tuna sababu yetu ya kwenda. Wesley aliandika kijitabu cha kupinga utumwa mwaka 1774, na barua yake inayojulikana kuwa miongoni mwa za mwisho kabisa, ya tarehe 24 Februari 1791, alimwandikia William Wilberforce, mbunge wa Uingereza, akimtia moyo asichoke kupambana na biashara hiyo. Alifariki tarehe 2 Machi, siku sita baadaye. Huwa nawasimulia vijana habari hiyo tukiwa tumesimama uani kwenye sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, halafu mmoja anasoma Isaya 58, pale Mungu anapoeleza mfungo anaoutaka: kufungua vifungo, kumgawia mwenye njaa chakula. Sisemi zaidi. Kisha nawauliza swali la Unguja ya leo: nyumbani kwenu kuna msichana wa kazi? Analala wapi, anapumzika siku gani, mshahara wake unampa mkononi au unasema unamwekea? Mwaka juzi kijana mmoja alirudi nyumbani akamuuliza mama yake maswali hayo, na mama akaja kwangu amekasirika. Tulizungumza saa nzima. Msichana sasa anapumzika Jumapili.

Karamu ya upendo

Kiongozi asiye na mchungaji karibu asijione yatima. Meza ya Bwana inamngoja mchungaji, lakini karamu ya upendo hata mlei anaiongoza. Wesley aliikuta kwa Wamoravia wa Kijerumani huko Savannah, Marekani, mwaka 1737, akaileta kwa watu wake. Ni mkate na maji na ushuhuda.

Ifanye wiki ya nne au ya tano, jioni watu wakiwa wametulia. Nunua boflo mbili, jaza birika maji ya kunywa, tandika jamvi moja mkae duara. Imbeni, someni, salini kwa kifupi. Kisha boflo inapita, kila mmoja anamkatia aliye kando yake, na kikombe kinapita vivyo hivyo. Baada ya hapo watu waseme Mungu amewafanyia nini tangu Majivu. Kutakuwa na ukimya mwanzoni. Uvumilie, usiujaze kwa wimbo. Dakika tano ni ndefu, lakini wa kwanza akisema wengine hufuata. Mzungumzaji mrefu mguse bega kwa upole. Mwaka ule wa mguu uliovimba, mwaka uliofuata kwa hakika, ni yule mama wa maandazi aliyeanza kusema, na alichosema ni shukrani kwa jirani aliyempa uji. Nilishindwa kuzuia machozi.

Wiki Takatifu

Makuti ya Matawi omba kwa mwenye mnazi. Hapa kila mnazi una mwenyewe. Mkweaji akate makuti ya chini, asiguse kilele, maana mnazi uliokatwa kilele umekufa. Bibi anayesuka mikeka awafundishe watoto kusuka vimisalaba kwa ukindu, kazi hiyo itawatuliza mchana mzima. Kama mtaandamana barabarani, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, wiki mbili kabla, umweleze njia na saa. Masheha niliowaendea kwa adabu na mapema hawajapata kunikatalia.

Alhamisi Kuu tunaoshana miguu, ndoo moja na taulo mbili, basi.

Ijumaa Kuu ni sikukuu ya taifa, lakini pia ni Ijumaa. Kama mko karibu na msikiti msianze saa 6 mchana. Sisi hukaa kimya kuanzia saa 6, kila mtu na Biblia yake, na swala ikishatoka, kama saa 8, ndipo tunaimba mpaka saa 9. Bila kipaza sauti. Saa mbili hizo za kimya zilianza kwa ajili ya jirani. Sasa watu wangu hawataki kuziacha.

Pasaka alfajiri tunashuka pwani. Hapa nisikilize vizuri kwa sababu nimekosea mwenyewe. Pasaka huja siku chache baada ya mwezi mpevu, na mwezi mpevu ni bamvua, maji makubwa. Bamvua la Unguja hujaa alfajiri. Mwaka 2026 mwezi ulipevuka tarehe 2 Aprili, Pasaka ikawa tarehe 5, nami nilikwenda kuitazama pwani mchana wa Jumamosi, maji yamekupwa, mchanga uwanja mzima, nikaridhika. Tulipofika gizani na mikeka yetu, bahari ilikuwa inapiga ukutani. Tulisimama barabarani watu wazima, watoto mabegani. Mwaka 2025, Pasaka ilipokuja wiki nzima baada ya mwezi mpevu, maji yalikuwa mafu na hatukupata shida. Kwa hiyo usiangalie pwani kwa macho yako ya mchana. Muulize mvuvi: Jumapili saa 11 alfajiri maji yatakuwa wapi? Atakujibu bila kufungua kitabu. Na kwa kuwa masika yanakuwa yamekaribia au yameanza, uwe na ukumbi wa kukimbilia, na kila mtu ajue ni upi.

Baada ya ibada ni chai ya tangawizi na maandazi. Jumatatu ya Pasaka ipo kwa ajili ya kurudisha vitu vya watu: mikeka, masinia, birika, ile ndoo. Vioshe, vikauke, virudi na kitu ndani yake. Ukipita mlango kwa mlango na masinia hayo chukua na daftari, uandike tarehe.